Matembezi Bila Gari, Nauli ya Magari Manne

Kwetu Chakol mtu mzima hatembei tu hivi hivi. Anaenda matangani, anaenda kusaga, anaenda kwa chifu, anaenda kumdai mtu. Ukionekana barabarani mikono mitupu, huna jembe wala gunia wala faili ya kesi ya shamba, watu wanaanza kukusikitikia. Huyu atauliza kama pikipiki imekufa. Yule atauliza mgonjwa anaendeleaje. Mwenye adabu zaidi hatakuuliza kitu. Atakuacha upite, kisha atampigia simu mke wako kumuuliza kama kuna jambo nyumbani.

Na hao ni majirani tu, sijawagusa vijana wa boda boda. Kazi hii ya kubeba watu imezaliwa mlangoni kwetu huku mpakani, enzi za baiskeli za miaka ya 1960 na 1970, msafiri mwenye sanduku kichwani alipohitaji kuvushwa ile nafasi ndefu kati ya forodha ya Kenya na ya Uganda. Baadaye ikaenea Kampala, Kigali, Nairobi, kila mahali. Kwa hiyo kijana wa Busia au Malaba akimwona mtu anatembea kwa hiari yake, anahisi urithi wa babu yake unachezewa. Atapiga honi. Atapunguza mwendo aende sambamba nawe. "Mzee, twende." Siendi. "Kwani unaenda wapi?" Siendi popote. Hapo ndipo anapozima injini kabisa, maana amekwisha kujua anashughulika na mtu asiyefaa kuachwa peke yake.

Sasa, katika mazingira hayo, binti yangu anayefanya kazi Nairobi akaja likizo na wazo. Tupande boti ziwani, tushuke mahali pasipo na gari, tutembee polepole kando ya maji, tupande boti tena turudi. Basi. Hakuna msiba, hakuna mahari, hakuna mgonjwa.

"Papa, huko ng'ambo watu wanalipia hicho kitu."

Nikamwambia utoto wangu wote nilitembea bila gari na hakuna aliyefikiria kunitoza.

Alikuwa na ushahidi kwenye simu. Kaskazini mwa Uingereza kuna ziwa liitwalo Ullswater, na juu yake kuna meli ndogo, Lady of the Lake, iliyozinduliwa mwaka 1877 na mpaka leo inabeba abiria. Unapanda Glenridding, unashuka kijiji kiitwacho Howtown, halafu unarudi Glenridding kwa miguu ukifuata ziwa. Ndiyo starehe yenyewe: unalipa nauli upelekwe mahali usipokuwa na shida napo, ili upate taabu ya kurudi. Kilichoniuma si hicho. Kilichoniuma ni ratiba. Meli inaondoka na dakika zake zimeandikwa, na inasemekana huondoka dakika hizo hizo, hata kama abiria ni bibi mmoja na mbwa wake.

Waswisi ndio waliopitiliza. Mwaka 1991, shirikisho lao likitimiza miaka 700, walitengeneza njia ya miguu ya kilomita 35 kando ya Ziwa Uri, ambalo ni mkono wa Ziwa Lucerne, wakaigawa kwa wananchi: kila mtu milimita 5. Kila jimbo likapewa kipande kulingana na idadi ya watu wake, na ukichoka njiani unashuka gatini Bauen au Sisikon au Flüelen, unangoja meli ije ikuchukue.

Milimita 5! Mimi ni karani mstaafu wa mambo ya forodha. Nikiona tarakimu mkono unawasha. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 893,681 katika Kaunti ya Busia. Kwa kipimo cha Kiswisi tungepata njia ya kilomita 4 na nusu hivi. Sisi wa Teso Kusini, watu 168,116, kipande chetu kingekuwa mita 840. Bunyala, ambao ndio wenye ziwa mbele ya mlango, ni watu 85,977, kwa hiyo mita 430 tu. Yaani sisi tusio na hata tone la ziwa tungekuwa na ufuo karibu mara mbili ya wao! Nilifurahi, nikamwita mke wangu aje aone hesabu. Akaiangalia, akauliza hizo mita 840 zitapitishwa kwenye shamba la nani. Furaha ikaishia hapo, kwa sababu mimi nina kesi ya mpaka ya mita 2 ambayo imewazidi nguvu wazee wa ukoo.

Tusidanganyane lakini. Haja ya kukaa mbali na magari naielewa kuliko hao Waswisi. Nimefanya kazi Malaba. Malori ya kwenda Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na Kongo yamepanga foleni hadi mtu anasahau barabara ina mwisho. Mtembea kwa miguu huko anapita katikati ya trela na trela, upande wa kulia tairi lenye kimo cha kifua chake, upande wa kushoto utingo anakoroga ugali kwenye jiko aliloliweka chini ya tela, na juu ya kioo cha lori suruali ya dereva inakauka, miguu ikining'inia. Unainama kuikwepa suruali, bomba la moshi linakupulizia sikioni. Busia walizinduliwa kituo cha pamoja cha mpakani mwaka 2018, marais wawili wakaja, na makaratasi kweli siku hizi yanakwenda haraka. Lori lenyewe halijajua.

Basi tukakubali kwenda kutembea bila gari. Ili kufika huko kusiko na gari tulipanda matatu mpaka Busia, Probox mpaka Funyula, Probox nyingine mpaka Port Victoria, na pikipiki mpaka majini. Kwa heshima ya mvi zangu niliwekwa mbele, ambako Probox huwa na nafasi ya abiria mmoja na tulikuwa wawili, kwa hiyo heshima yenyewe ilikuwa kukalia gia. Dereva alikuwa kijana mwenye adabu. Kila alipotaka gia ya nne alisema "samahani, mzee" kabla ya kunishika goti. Kwa Kiteso tungesalimiana "yoga" mara moja tukamaliza. Huyu alinisalimia mpaka Funyula.

Ukitaka kujua kwamba sisi hatukuumbiwa ziwa, tazama maji yetu. Mto Malaba hauendi Viktoria. Unaingia Uganda, unajitia kwenye Mpologoma, unaishia Kyoga, na huko ndiko unakokutana na maji ya Ziwa Viktoria yakiwa yamekwisha kutoka ziwani na kushika njia ya Misri. Mto Sio angalau unashuka Sio Port, lakini nao sehemu yake ya mwisho umefanywa mpaka wa nchi mbili, kwa hiyo hata samaki wake wana mambo ya kujieleza.

Port Victoria ni mji wenye haki ya kununa. Kapteni Macdonald alipopima njia ya reli mwaka 1891 na 1892, garimoshi lilikuwa lije kuishia hapa, kwenye ghuba waliyoiita Berkeley. Kisha wakubwa wakaona njia fupi zaidi, reli ikapindishwa ikaenda kufika Kisumu mwezi wa Desemba 1901, na Kisumu ikaitwa Port Florence, jina la mke wa mmoja wa wakubwa wa reli. Malkia mzima akaachiwa ufuo na mitumbwi, mke wa mfanyakazi akapewa stesheni. Mimi ningekuwa mwenyeji wa Port Victoria ningelitaja jambo hili katika kila mkutano wa hadhara.

Ufuo tuliofikia haukuwa na gati. Sijui kama uliwahi kuwa nalo. Mwaka 2020 ziwa lilipanda likapita hata rekodi ya 1964, na vitu vingi vya pwani yake vilikunywa maji. Boti iliegeshwa mbali kidogo, na katikati kulikuwa na maji ya kahawia yenye magugu. Nikawaeleza familia yangu habari za kichocho: konokono anavyokaa kwenye maji yaliyotulia, mdudu anavyotoka kwake na kupenya ngozi ya mtu, na kwamba mtu mwenye akili hatii mguu mahali kama hapo. Nilieleza vizuri, kwa sauti, hata watu wasiohusika wakanufaika.

"Wewe utabebwa," mke wangu akasema.

Alikuwa anasema kweli. Kuna vijana ambao kazi yao ni hiyo, kumpakia abiria mgongoni na kumfikisha botini akiwa mkavu. Wangu alikuwa mwembamba kama ufito, amevaa jezi ambayo nembo yake imebaki kivuli. Akainama. "Panda, mzee." Sasa mtu wa umri wangu anapanda vipi mgongo wa mtoto wa watu? Mikono unaiweka wapi? Ukimshika shingo unamnyonga, ukimshika mabega unateleza. Nikafumba macho, nikapanda. Shingo yake ilinuka sabuni ya kipande na omena. Alitembea kwa kupapasa chini na vidole vya miguu, maji yakimpanda magotini, mapajani, kiunoni, mimi nikikunja miguu juu zaidi kila hatua mpaka magoti yakawa karibu na masikio yangu. Tulipofika katikati akasimama. Alikuwa amekutana na mwenzake anayerudi na kreti tupu za soda, na walikuwa na habari ya plagi ya injini ambayo mmoja alimwazima mwingine. Wakaizungumza yote. Nani aliichukua, lini, na kwa nini ilirudi imeungua. Yule wa kreti akaniomba hata niwe shahidi. Nami pale juu nikasema plagi ya watu hurudishwa ilivyo.

Botini nahodha alisema tunatoka saa hii hii. Nimezoea usemi huo kutoka kwa matatu, lakini matatu angalau hudanganya ukiwa juu ya ardhi. "Saa hii hii" ya ziwa ina mabati ishirini, godoro, magunia ya unga, jogoo aliyefungwa miguu na mwanamke mwenye keki ya harusi ambayo kila mtu alilazimishwa kuiangalia asije akaikalia. Mwisho kabisa ikaja pikipiki. Wanaume wanne waliibeba majini wakailaza juu ya unga, na mwenyewe akaja kukaa karibu yangu. Nikamtazama. Akanitazama. Tulielewana kwamba tutaonana ng'ambo.

Binti alikataa boti isogee kabla ya kila mtu kuvaa jaketi la kuokolea maisha, na katika hilo sina mzaha: ziwa hili limemeza MV Bukoba mwaka 1996 na MV Nyerere mwaka 2018, na hao walikuwa na meli za chuma. Majaketi yakatolewa chini ya mbao. Langu halikuwa na kamba, nikalifunga kwa tai ambayo mke wangu alikuwa amenicheka asubuhi kwa kuivaa.

Nyuma yetu mtu mmoja alichota maji ndani ya boti kwa jerikeni lililokatwa ubavu, akayamwaga nje, akachota, akamwaga, bila haraka.

"Inavuja?" nikamuuliza.

"Haivuji, mzee. Inaingiza tu."

Tulikuwa tumechagua Mageta, ambacho ni kisiwa cha Kaunti ya Siaya, kwa hiyo hata utalii wa kaunti yangu mwenyewe nimeshindwa kuuchangia. Serikali ya kikoloni ilitutangulia kuona faida ya kisiwa kisicho na barabara: miaka ya 1950 iliwaweka watu wa Mau Mau kizuizini hapo Mageta na kwenye Saiyusi, kisiwa jirani. Wao hawakuulizwa na mtu wanaenda wapi.

Sisi tuliulizwa. Mwenye pikipiki alinipa kama dakika tano za kupumua, kisha nikasikia injini ikija nyuma yetu taratibu. "Jaduong', twende." Nikamwambia tunatembea. Akasema kisiwa ni kidogo, atanipa bei ya kisiwa. Nikamwambia kwa sababu ni kidogo ndiyo tunatembea. Akasema kwa sababu ni kidogo ndiyo tutamaliza haraka.

Alipokata tamaa, nikiri, palitokea jambo. Njia inapita kati ya maji na mahindi, upana wa mtu mmoja na mbuzi wake. Yangeyange wamesimama juu ya mitumbwi iliyofungwa. Fundi mmoja alikuwa amepindua boti, anashindilia nyuzi za pamba kwenye nyufa za mbao kwa patasi na nyundo, tok tok, tok tok, halafu anapaka juu. Kwa kitambo hakukuwa na sauti nyingine yoyote ya chuma. Masikio yangu ya Malaba yalidhani yameziba.

Kisha yule fundi akasimamisha nyundo. "Mnatafuta nani?"

Hatumtafuti mtu. Jibu hilo halikumridhisha na halikuishia kwake. Tulipofika kona ya pili tayari habari ilikuwa imetutangulia. Vijana wawili walikuwa wanakunja wavu kwa haraka wakauingiza ndani ya nyumba, na mama mmoja akafunga mlango akauegemea. Mwanamume aliyevaa tai, mwanamke mwenye kofia, na msichana anayepiga picha kila kitu: ni nani kama si watu wa uvuvi waliokuja kukagua matundu ya nyavu? Mzee mmoja alikuwa na maoni tofauti. Yeye alitupeleka kando, akatuuliza kwa sauti ya chini tunataka ekari ngapi.

Binti alijaribu kumweleza kila mmoja kuhusu matembezi ya kupumzisha akili. Walimsikiliza kwa huruma. Mbele zaidi njia yenyewe ilikuwa imeanikwa omena, wavu baada ya wavu, fedha tupu inayometameta mpaka macho yanauma, na kina mama wanaigeuza kwa mikono. Kukanyaga huwezi; kuzunguka ni kupita majini, na mimi kuhusu majini nilikuwa nimeshatoa hotuba. Mmoja wao akatuuliza kama Waswisi wangetuuliza, yaani kwa adabu lakini akitaka jibu, tunafanya nini pale.

Mke wangu ndiye aliyetuokoa. "Tumekuja kununua omena," akasema, akatoa pesa.

Dunia ikafunguka. Tukapishwa kupita. Tukaonyeshwa njia ya juu. Tangu nilipokabidhiwa ule mfuko nikautia begani, hakuna mtu kisiwani aliyeniuliza tena naenda wapi. Kina mama walinisalimia. Yule mzee wa ekari alinipungia mkono. Hata pikipiki ilinipita bila kupiga honi: mtu mwenye mzigo anajulikana anakwenda wapi. Ningekuwa na uwezo ningewaandikia wale wa Ullswater waweke omena kwenye kila tiketi.

Mchana tulikula mbuta wa kukaanga kwenye kibanda cha mabati, na ugali uliokatwa kwa uzi. Mbuta yule alikuwa na upana wa kaunti ndogo. Binti akataka tungoje jua lizame, apige picha. Mwenye kibanda akasema hakuna ubaya, ila jioni viboko hutoka majini kuja kula majani, na njia wanayotumia ni hiyo hiyo tuliyojia. Mchana ni ya watu, usiku ni ya wao, na hawajawahi kukosea zamu. Tukakumbuka kwamba jua huzama hata Chakol.

Boti ya kurudi iliondoka saa hii hii, yaani saa kumi kasoro. Upepo wa alasiri ulikuwa umeamka, mawimbi yakitupiga ubavuni, na mwenye jerikeni sasa alikuwa anachota kwa bidii ya mtu anayelipwa kwa kazi. Nilikuwa nimekumbatia mfuko wa omena. Hakuna aliyezungumza juu ya kupumzisha akili.

Tulipofika upande wa Port Victoria, kijana wangu mwembamba alikuwa ananisubiri majini. Asubuhi nilimlipa hamsini. Sasa akanitazama kutoka juu mpaka chini, akautazama mfuko, akaniambia sabini.

"Kwa nini sabini? Mimi si yule yule?"

"Mzee, asubuhi ulikuwa hujala."

Nikaanza kumweleza kwamba nauli haipangwi kwa tumbo la abiria, kwamba hata forodha ina utaratibu, kwamba nitashuka mwenyewe. Akaniuliza, na kichocho je? Alikuwa amesikiliza hotuba yangu yote. Nikamwita mke wangu aje aone wizi huu. Hakuwapo karibu yangu. Alikuwa amevua viatu, amefunga leso juu ya magoti, amekwisha kushuka na anakata maji kuelekea nchi kavu, omena zangu kichwani. Alipofika akageuka akaniita kwa sauti ambayo ufuo mzima uliisikia: zile sabini nimlipe yeye, atarudi anibebe.